Kofia Mbili za Kozi

Mwaka ule Baba alipoanza kupanga safari ya kuwinda hubara, hakuniita mimi. Alimwita Mganda. Nilikuwa bandani nikilisha ndege, glavu imeganda damu ya njiwa, nikamsikia akipaza sauti kutoka dirisha la majilisi, sebule yake ya wageni. Nikamrudisha ndege kwenye kigingi chake, nikanawa mikono, nikafuta miguu. Nilijua ninaitwa mimi. Nani mwingine? Mganda akanipita mlangoni, simu mkononi.

"Ni mimi naitwa, Mzee," akasema. "Wewe endelea tu na kazi."

Nikaendelea na kazi. Lakini kuna kitu kilishaniingia rohoni, na hakikutoka hata mambo yalipoharibika, na niliyeyaharibu ni mimi.

Baba ninayemsema ni mwenye nyumba, Mqatari mzee aliyenipita umri kwa miaka michache tu. Sisi tuliotoka Afrika tukafanya kazi katika majumba haya ya Muaither, kando ya Doha, huwaita wenye nyumba Baba na Mama, hata sisi wenyewe tukiwa na wajukuu. Nyumbani kwake nilianza kwa kuosha magari. Kisha nikawa dereva. Kisha mtunza ndege wake mmoja akaondoka ghafla, ndege wakakaa siku mbili hawali, nikaingia bandani bila kutumwa na mtu nikawalisha kwa mkono. Toka hapo banda likawa langu. Sikufundishwa na mtu. Mimi ni mtu wa Kwale, nilikua nikitega kware na kanga, na shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ada ilikuwa moja na sisi tulikuwa saba. Herufi zilinishinda. Namba nazijua, na kwa namba hizo nimejenga nyumba ya mawe ya vyumba vinne na kusomesha watoto wote. Mtu asiniambie habari ya vyeti.

Ndege wenyewe ni kozi. Wazungu na Waarabu wana majina yao, sisi pwani twawaita kozi. Huyu hafugwi kwa kuliwa, hufugwa kwa kuwinda. Unamvisha kofia ndogo ya ngozi inayoziba macho ili atulie, unambeba kwenye ngumi, na ukifika jangwani unamvua kofia, anaona hubara, ndege mnene mwenye miguu mirefu anayekimbia kama mwizi, basi anaruka. Huku Doha kozi ana hospitali yake, na ana pasipoti. Sifanyi mzaha. Kitabu kidogo chenye namba, na namba hiyo hiyo imechorwa kwenye pete iliyo mguuni mwake. Bila kitabu havuki mpaka. Mimi nilifanya kazi mwaka mzima nikingoja pasipoti yangu itoke kwa kafili, mdhamini wangu wa kazi, na ya ndege iko kabatini, safi, imewekwa ndani ya plastiki.

Kila msimu wa baridi Baba na marafiki zake wawili huvuka mpaka wa Abu Samra, hukata Saudia, huenda kupiga kambi mbali kwa siku kumi na tano. Mmoja wa marafiki ni mwanajeshi mstaafu mwenye goti bovu. Wa pili ni mfanyabiashara wa samaki, mtu anayecheka kabla ya kumaliza anachosema. Na wa nne nilikuwa mimi. Sikujipa mwenyewe cheo hicho. Kambini wakihesabu vikombe walihesabu vinne, na mfanyabiashara wa samaki alikuwa akisema, "Sisi wazee wanne." Baba huendesha mwenyewe gari la kwanza. Kiti cha mbele, kando yake, kilikuwa changu, kozi kwenye ngumi yangu ya kushoto. Saa nyingi hatukuzungumza. Mtu akikaa nawe hivyo miaka, unajua yeye ni nani kwako.

Mwaka ule gari la tatu liliuzwa. Baba akasema yatakwenda magari mawili, kila gari na kozi wake, mpishi wataajiri huko huko. Mfanyakazi wa kutoka nyumbani ni mmoja tu.

Mmoja. Nyumbani tulikuwa wawili tunaoshika ndege, mimi na Mganda.

Na Mganda nilimleta mimi. Hili ndilo lililoniuma. Nilimkuta mtaa wa Al Sadd, mlinzi kwenye mlango wa jengo la ofisi, amesimama juani na kofia ya sare iliyomzidi kichwa. Mtu wa Iganga, Uganda, Mwislamu, mpole, amemaliza kidato cha nne. Tulisalimiana kwa Kiswahili, chake kikiwa kimechanika chanika, nikacheka, naye akacheka. Nilimwombea kazi kwa Baba. Nikamwonyesha jinsi ya kushika kozi bila kuchomwa kucha. Miaka minne nimemlea. Umri wake arobaini na kitu, si mtoto, lakini kwangu alikuwa mtu wangu.

Basi mtu wangu akaingia majilisi siku ile akakaa na wale wazee mpaka magharibi.

Jumanne yake nikaitwa na mimi. Nilivaa kanzu safi. Nikaingia nikakuta wazee watatu wamelalia mito, na Mganda amesimama kando ya runinga. Ameunganisha simu yake na runinga, ukuta mzima ni ramani. Baba akaniona, akaonyesha birika la kahawa kwa kidevu. Nikaelewa nimeitwa kumimina.

Nikamimina. Mganda akawa anaeleza: hapa tutajaza mafuta, hapa tutalala usiku wa kwanza, hapa mtandao unakatika. Mfanyabiashara wa samaki anapiga goti lake, "Mashallah, mashallah." Mwanajeshi akauliza, "Na kile kisima chenye mti mkavu?"

Swali hilo miaka yote huulizwa mimi. Nikajibu nikiwa na birika mkononi. "Kimefukiwa na mchanga. Tulikikuta hivyo mwaka juzi."

Mganda akatazama simu. "Mzee, ramani inaonyesha kipo."

"Ramani imekunywa maji yake?"

Mfanyabiashara wa samaki akacheka. Baba hakucheka. Akasema, "Tukifika tutaona," na wote wakageuza nyuso kwenye runinga. Nikamimina kahawa mpaka ikamwagika kwenye kisahani cha mwanajeshi. Akanitazama, akasema kwa upole, "Umechoka, rafiki yangu. Kaa." Sijawahi kuchukia upole wa mtu kama siku ile.

Alhamisi asubuhi Mganda akaja bandani na vile vitabu viwili vya pasipoti. Lazima nieleze juu ya ndege wenyewe. Baba ana kozi wawili wa rangi moja, kahawia yenye madoadoa, mtu asiyewalisha hawezi kuwatofautisha. Mmoja huvaa kofia nyekundu, wa pili ya kijani. Watu wote pale nyumbani humwita huyu Mwekundu na yule Kijani, basi.

"Mzee, nimekutengenezea kitu," akasema. Alikuwa amebandika stika nyekundu kwenye kitabu kimoja na ya kijani kwenye cha pili. "Nimetafuta picha za siku ile walipokatiwa pasipoti, Baba bado anazo kwenye simu. Sasa kofia nyekundu, kitabu chekundu, gari la kwanza. Kijani na kijani, gari la pili. Hata mimi nisipokuwa karibu, huna haja ya kumwomba mtu akusomee."

Alisema hivyo akitabasamu. Leo najua alikuwa akinitazamia mema. Siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba mimi sijui kusoma, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa karibu.

"Msomi," nikamwambia, "nimewabeba ndege hawa wewe ukiwafungulia watu milango ya lifti."

"Kweli, Mzee."

"Basi usinibandikie rangi kama mtoto wa chekechea."

Akaviacha vitabu juu ya friji ya njiwa, akatoka.

Nilivichukua ili nivitupe kabatini. Mkono ukakifungua wenyewe kile chekundu. Namba nazijua, nimeshasema. Nikaenda kwa Mwekundu, nikamshika mguu, nikageuza pete kwenye mwanga. Namba hazikufanana. Nikajaribu kitabu cha kijani kwa ndege yule yule. Zikafanana zote.

Nikakaa juu ya ndoo, nikakumbuka. Wakati wa joto kali, ndege wakibadilisha manyoya, kofia nyekundu ilimbana yule wa kwanza jichoni, jicho likatoa machozi. Nikazibadilisha. Kofia nyekundu nikampa wa pili mwenye kichwa chembamba, ya kijani nikampa wa kwanza. Mganda alikuwa likizo kwao. Sikumwambia mtu, kwa sababu nani alikuwa akiniuliza habari za kofia? Kwangu ndege ni miguu yake, na jinsi anavyokula. Kofia ni nguo tu. Sasa yeye amezifuata picha za zamani, na kila ndege atavuka na kitabu cha mwenzake, ndani ya magari mawili mbali mbali. Pale mpakani afisa huanza kwa kushika mguu, anasoma pete. Angesoma pete, angesoma kitabu, na ndege wangezuiwa wote wawili. Ndege ambao Baba anawapenda kuliko magari yake. Na aliyepanga safari ni Mganda, si mwingine. Angepandishwa ndege kurudi Iganga kabla ya wiki kwisha.

Nikavirudisha vitabu juu ya friji, stika zikiwa zimetazama juu. Nikaendelea kulisha.

Ijumaa baada ya sala nilimpigia mke wangu Kwale. Yeye hafichwi kitu, anasikia pumzi tu. Nikamweleza yote.

"Baba watoto," akasema, "wewe una miaka sitini na tatu."

"Najua umri wangu."

"Unamwonea wivu kijana wa watu aliyekuwa mlangoni?"

"Si kijana. Ana mvi kidevuni."

"Ana watoto?"

"Wanne."

"Basi mwambie leo."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia."

"Wewe unangoja wawepo watu," akasema. "Nakujua. Hata kuku ukimpata aliyepotea, humleti uani mpaka majirani wajae." Akakata simu. Huyu mwanamke nimeishi naye miaka arobaini, mingi yake niko mbali, na bado ananisoma vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kusoma kitu.

Maana ni kweli. Nilikuwa nangoja watu. Jumatatu alasiri Baba angekutana na marafiki zake kwa mara ya mwisho na kumtaja atakayekwenda. Nilikuwa nimeshayapanga moyoni maneno, na mahali nitakaposimama.

Jumapili Mganda alinitafuta. Alikuwa amekwenda hadi mtaa wa Al Thumama kwa mama mmoja wa Mombasa anayepika mahamri kwa oda, akanunua ya moto, akaniletea bandani yamefungwa kwenye taulo.

"Nimeona umekasirika tangu Alhamisi," akasema. "Nisamehe ile habari ya stika, Mzee. Nilikuwa nataka kusaidia."

Nikala. Nikala manne, yeye akala moja. Mahamri yalikuwa na iliki ya kutosha. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi upo, vitabu viko hatua mbili kutoka tulipokaa. Nikamshukuru kwa mahamri.

Jumatatu ikafika. Wazee watatu kwenye mito yao, Mganda kando ya runinga, mimi na birika. Baba akapitia mambo yote: mafuta, mahema, kibali cha kuwinda, dawa za goti la mwanajeshi. Kisha akajikohoza. "Sasa, atakayekwenda nami..."

Nikaliweka birika chini. Nililiweka kwa nguvu, wasikie.

"Kabla hujataja, Baba, mwambie msomi wako alete ndege na vitabu vyao hapa."

Mganda akanitazama. Baba akamwashiria kwa kichwa, nenda. Ndege wakaletwa, mmoja kwenye ngumi yake, mmoja kwenye yangu. Nikamwambia mwanajeshi, ambaye ana miwani mizuri, asome pete ya ndege wangu, kisha asome kitabu chenye rangi ya kofia yake. Akasoma. Akasoma tena. Akageukia ndege wa pili. Akavua miwani.

"Wangetuzuilia wote wawili," akasema. "Pale pale mpakani."

"Kofia zilibadilishwa wakati wa joto," nikasema. "Anayewalisha anajua. Simu haijui."

Mfanyabiashara wa samaki akasema, "Huyu mzee ana macho, wallahi." Akaniamkia kwa mkono kifuani. Sitaficha: nilisikia utamu. Ulinishuka kama maji ya baridi yanavyomshuka mtu aliyefunga. Mganda alikuwa amesimama, midomo imekuwa ya kijivu, ndege kwenye ngumi yake ameanza kupiga mabawa. Nami nikaona vizuri kwamba ananitazama akingoja niseme kitu cha kumsaidia, na sikusema.

Baba hakuwa ametazama ndege hata mara moja. Alikuwa akinitazama mimi.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Hakuna ambaye angejua. Lakini mimi huyu na Baba tumekaa kwenye gari moja miaka mingi, na sijawahi kumdanganya hata juu ya mafuta.

"Alhamisi," nikasema.

Akakunja vidole vyake kimoja kimoja. "Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili." Akaacha mkono ukiwa umekunjwa. "Ukiwa unalala nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Baba."

"Na ukiwa unamwona huyu kila siku."

"Ndiyo."

Mfanyabiashara wa samaki akaanza kucheka, akakoma katikati.

Baba akamgeukia Mganda. "Na wewe, kwa nini hukumwuliza anayewalisha ndege?"

"Nilimpelekea vitabu, Baba," Mganda akasema. "Alikasirika. Nikaona haya kumwuliza tena."

Hakunichongea. Angeweza.

Baba akasema, bila hasira, kama mtu anayeamua mafuta yajazwe wapi, "Huyu alikosea kwa kutojua. Atafundishwa. Lakini mtu anayejua akanyamaza siku nne mjini, huko jangwani, maji yakipungua, atanyamaza siku ngapi?" Hakungoja nijibu. "Atakwenda Mganda. Wewe utabaki na nyumba."

Nikachukua birika nikamalizia kumimina, kwa sababu vikombe vilikuwa vitupu na kazi ilikuwa yangu. Hakuna aliyenitazama usoni. Mwanajeshi alitikisa kikombe chake kuonyesha amekinai, mapema kuliko kawaida yake.

Mganda alinikuta bandani. Alikaa kwenye ndoo, mimi nikasimama.

"Mzee. Kama Baba asingekutana na watu leo, ungeniacha nifike mpakani?"

Nikamwambia sijui. Hata leo ninapoandikiwa haya na binti yangu sina jibu lingine. Najiambia ningesema Jumanne. Mtu hujiambia mengi.

"Sawa," akasema. Akainuka, nikadhani anaondoka. Akavua kofia nyekundu kwenye kichwa cha ndege, kisha ya kijani, akaziweka mfukoni mwake zote. "Basi nifundishe kuwajua bila hizi."

Nilitaka kumwambia akaulize ramani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, si kwa wema, nilikuwa nimechoka tu na sauti yangu mwenyewe. Nikamwita karibu. Nikamwonyesha ukucha wa nyuma wa huyu, uliopinda kwa ndani. Nikamwonyesha yule anavyosimama, uzito wote mguu wa kulia, na kwamba asubuhi kinyesi chake lazima kiwe cheupe chenye kitovu cheusi, kikiwa cha kijani asiwindishwe siku hiyo, hata Baba aseme nini. Alikuwa akiandika kwenye simu. Nikamwambia aweke simu, ashike. Akashika. Tulifanya hivyo Jumatatu na Jumanne yote.

Jumatano waliondoka baada ya alfajiri. Baba alikuwa ameshakaa kwenye usukani, amefunga kilemba kichwani. Mganda akapanda kiti cha mbele. Kilikuwa bado kimesogezwa nyuma kwa urefu wa miguu yangu, akakivuta mbele. Nikampa ndege kwenye ngumi, kofia kichwani; vitabu tulishavibadilisha, kila kimoja kwa ndege wake, na ndege wa pili alikuwa kwenye gari la marafiki. Kiwiko alikiinua juu mno, kama askari anayepiga saluti. Kwa mwendo wa siku nzima ndege angechoka na mkono ungekufa ganzi. Nikakisukuma chini mpaka kikatulia juu ya paja.

"Hivyo," nikasema.

"Hivyo," akasema.

Baba alitazama mbele. Nilipokuwa nafunga mlango akasema, "Funga vizuri, hewa inaingia." Hayo tu. Nikafunga vizuri.

Nilichosikia magari yakitoka kwenye lango ni kile kile nilichosikia siku Mganda alipoitwa kutoka dirishani, hakikupungua hata tone. Wivu haukuniambia samahani wala mimi sikuuambia. Nikarudi bandani, nikafungua friji, nikatoa njiwa wawili nikawaweka mezani wayeyuke, nikachukua kisu. Vigingi viwili vilikuwa vitupu. Nikawarudisha njiwa kwenye friji, nikafagia.